Mzinga Uliofunikwa Khanga

Kitu kilikuwa kinavuma juu ya kabati la vyombo. Ulikuwa mvumo mdogo, wa kukatika na kuanza, kama mdudu aliyenaswa chini ya kikombe, na kila ulipoanza sahani za bati zililia pamoja nao. Nje bado kulikuwa giza. Priska hakuuliza ni nini. Alijitupa juu ya mtoto aliyelala ubavuni mwake, akamfunika blanketi mpaka utosini, akambana kwa uzito wake wote, kisha akazuia pumzi apate kusikiliza.

Mvumo ukakoma. Ukaanza tena.

"Mama, unaniumiza," Agatha akasema kutoka chini ya blanketi. "Ni simu hiyo."

Ilikuwa simu kweli. Priska mwenyewe ndiye aliyeitoa mlio jana jioni, akaiweka juu ya sahani, akasahau. Aliipokea, na sauti ya mumewe Sadock ikamjia kutoka Makanya, huko tambarare, alikofanya kazi kwenye machimbo ya jasi na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

"Mbona unahema hivyo?"

"Nilidhani nyuki."

"Nyuki wa saa kumi na moja alfajiri, Mama Agatha? Nyuki gani huyo asiyelala?"

"Cheka tu. Wewe hukuwepo."

"Sicheki, mke wangu. Nimepiga niwatakie ibada njema kabla sijaingia kazini. Leo si ndiyo shukrani ya viumbe?"

"Mtoto haendi. Baba yako nimeshamwambia, mwinjilisti nimemwambia. Tutasali hapa hapa nyumbani."

"Mwaka mzima sasa anasali nyumbani."

"Na mwaka mzima yu hai," Priska akajibu. Waliagana kwa upole, kama watu waliobeba kitu kimoja kwa ncha mbili.

Kweli hakuwepo. Mwaka jana, mwezi kama huu, Agatha alikuwa amekaa kando ya shamba la tangawizi akitafuna muwa, nyuki mmoja akamchoma shingoni. Mmoja tu. Watoto wa milimani wote huchomwa na nyuki; hulia, hupakwa kitunguu, hurudi kucheza. Agatha hakulia. Alisema anawashwa, kisha akasema anasikia baridi, kisha midomo ikavimba ikawa si midomo ya mtoto wake tena, na pumzi ikaanza kupita kwa filimbi. Priska aliteremka mlima mzima hadi Same mjini juu ya pikipiki ya Swalehe, mtoto kambana katikati, na kila kona aliingoja pumzi inayofuata akiwa hana hakika kama ipo. Daktari aliwahi. Baadaye, mtoto akiwa ametundikiwa dripu, alimweleza kwamba kuna miili isiyopatana kabisa na sumu ya nyuki, na mwili wa Agatha ni mmojawapo. "Akichomwa tena, yaweza kuwa haraka kuliko hivi," alisema.

Yaweza. Priska alirudi mlimani na vidonge ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na neno hilo. Vidonge aliviweka rafuni. Neno alilala nalo.

Alifyeka ua wa maua mekundu uliozunguka nyumba. Aling'oa maboga mara yalipoanza kuchanua. Mtoto alivaa mikono mirefu na soksi hata kwenye jua kali, na shuleni alikwenda baada ya mama yake kutoka kwanza, kusimama uani na kutega sikio. Baba mkwe wake, mzee Melkizedeki, aliyesomesha watoto wanne kwa asali, alihamisha mizinga yake yote minane kuipeleka ng'ambo ya bonde, mmoja mmoja, bila kuombwa na mtu. Hakulalamika. Ila jioni moja Priska alimkuta barazani kwake akipaka mafuta kamba za kupandishia mizinga, kamba ambazo upande huu hazikuwa na kazi tena, akaona haya, akapita nyuma ya nyumba.

Kulipokucha, hakukuonekana kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Shengena usiku, ukajaza uwanja mpaka mlangoni, na kibanda cha mbuzi hatua kumi tu kutoka pale kilikuwa kivuli. Agatha alikuwa ameshamtoa mbuzi wake, Kisura. Jumamosi yote alimshughulikia: alimwogesha kwa sabuni ya kunukia ya mama yake, akamchana kwa kitana, akampaka mafuta mpaka kwenye pembe. Miaka sita ilimtosha kujua kwamba mbuzi wa kanisani hafanani na mbuzi wa siku zote.

"Kisura anakwenda na nani?" aliuliza.

"Haendi, mwanangu. Tutamshukuru Mungu hapa."

"Hapa hakuna watu."

"Mungu hahitaji watu."

Agatha akafikiri. "Sasa mbona mchungaji anawaita?"

Priska alimtazama mtoto wake aliyesimama kwenye umande kwa soksi, ameshika kamba kwa mikono miwili, haombi wala halii, anangoja tu kuelezwa. Aliona jambo lililomtisha kwa namna nyingine: mtoto alikuwa ameanza kuzoea. Mwakani hatauliza tena.

Akautazama ukungu. Ukungu wa namna ile, baridi ile, nyuki hatoki mzingani. Hilo alifundishwa na mzee mwenyewe. Kwa kawaida huinuka saa tano. Ibada ni saa mbili. Saa nne watakuwa wamekwisha kuwa nyumbani, madirisha yamefungwa.

"Kavae viatu," alisema.

Alikwenda mbio nyumba ya pili kumweleza mzee kwamba wamebadili shauri. Mlango ulikuwa umefungwa. Majani yenye umande yalikuwa yamekanyagwa kuelekea bondeni, ingawa kanisa liko juu. Hakuyatilia maanani. Mzee wa kanisa, alijiambia. Amewahi kupanga mabenchi. Akampigia Swalehe.

Swalehe alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watano, Mwislamu wa Same mjini aliyepanga chumba pale senta kwa ajili ya kazi yake ya pikipiki. Alifika akiwa amejifunga shuka shingoni, helmeti kichwani.

"Shikamoo, babu," Agatha akamwambia.

"Marahaba, binti. Leo umependeza." Akamgeukia Priska. "Kanisani si hapo tu? Hata pikipiki haitapata moto."

"Utupeleke, halafu utusubiri pale barabarani mpaka ibada iishe. Mafuta yamo?"

"Yamo. Lakini Mama Agatha, mimi nimeshasali alfajiri yangu. Unataka kuniongezea?"

"Utakaa kwenye pikipiki yako. Ukiona nimenyanyua mkono, washa."

Swalehe aliacha utani. Alikumbuka zile kona kama yeye. "Nitakaa," alisema. "Na huyu mwenye pembe?"

"Nitampakata."

Waliondoka polepole ndani ya ukungu, mtoto mbele, mama nyuma na mbuzi mapajani. Baada ya mwendo kidogo Swalehe akavuta pua. "Huyu mbuzi ananukia kuliko mke wangu," alisema. "Msije mkamwambia."

Agatha alicheka kwa sauti. Priska alihesabu: mwaka mzima hakuwahi kumsikia akicheka akiwa nje ya nyumba.

Ibada ilikuwa ya uwanjani, kwa sababu ya wanyama. Mwezi uliopita Mchungaji Fredrick alikuwa ametangaza kwamba shukrani ya safari hii haitakuwa ya magunia na ndoo peke yake. "Kila nyumba ilete kiumbe aliyewalisha mwaka huu," alisema. "Mwenyewe, akiwa mzima. Tumshukuru Mungu tukiwa tunamtazama machoni." Watu walicheka siku ile, lakini walimtii. Walikuwepo ng'ombe wawili wenye mashada shingoni, mbuzi, kondoo, kuku ndani ya matenga, sungura ndani ya ndoo iliyotobolewa, na punda mmoja aliyegeukia ukuta wa kanisa kana kwamba amekosewa. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imejipanga kando ya ngazi.

Mwisho wa mstari wa wanyama, karibu na bendi, kulikuwa na kitu kifupi kinene kimewekwa juu ya mawe mawili, kimefunikwa khanga ya kijani. Priska alidhani ni ngoma. Macho yake yalikuwa kwenye maua ya meza ya madhabahu iliyotolewa nje. Aliyahesabu, akaona ni ya karatasi, akashukuru. Agatha alikuwa amepata kigingi cha kumfungia Kisura pale pale mwisho.

"Mama, ngoma hii ina joto," alisema. Alikuwa ameweka kiganja juu ya khanga.

"Usichezee vitu vya watu. Njoo ukae."

Walikaa benchi la nyuma kabisa, upande wa barabara, ambako aliweza kumwona Swalehe amekaa upande kwenye pikipiki yake, helmeti pajani. Wazee wa kanisa walitoka na mchungaji kwa maandamano, Melkizedeki katikati yao na koti lake jeusi, wakaketi mbele na kuwapa watu migongo. Priska alitaka mzee ageuke amwone. Alitaka kuona uso wake akigundua kwamba mjukuu amekuja. Hakugeuka.

Wimbo wa kwanza ulikwisha, na ukungu ukawa mwepesi. Priska aliona ukuta wa kanisa, kisha paa, kisha msalaba juu ya paa. Ilikuwa saa tatu kasoro. Alijaribu kuurudisha ukungu kwa kuutazama. Somo lilipokwisha kusomwa, vivuli vilikuwa vimeanza kuonekana chini ya mabenchi, vyepesi kama maji ya kuoshea mchele, na juu ya mabega yake alihisi kitu ambacho asubuhi nyingine angekifurahia. Jua.

"Watoto wote wasimame karibu na wanyama wao," mwinjilisti akasema.

Agatha alikwisha kusimama. Priska akamshika mkono. Mtoto akamtazama. Watoto wengine walikuwa wanapita mbio. Priska akaachia, kidole kimoja kimoja.

Mchungaji Fredrick alianza kutaja viumbe, na watu wakaitikia.

"Kwa ng'ombe, na maziwa yaliyowanywesha watoto wetu."

"Tunakushukuru, Bwana."

"Kwa punda, abebaye asichojua."

"Tunakushukuru, Bwana." Wengine walicheka kidogo, na punda akatikisa sikio.

"Kwa mbega wa Shengena, na ndege watuamshao, na chura aliyeko kwenye mfereji, atuambiaye maji bado yapo."

"Tunakushukuru, Bwana."

"Kwa nyuki, aifanyaye kazi bila kusimamiwa."

Watu waliitikia. Priska alifunga mdomo. Hakuwa na hasira, na wala hakutaka Mungu adhani ni kiburi. Alisema moyoni: Vyote vingine nakushukuru, Baba, unajua. Hicho kimoja niache, siwezi. Alipoinua uso, ukungu ulikuwa umekwisha, na anga juu ya kanisa lilikuwa jeupe.

"Sasa mzee wetu Melkizedeki atatangulia kutuonyesha wa kwake," mchungaji alisema.

Melkizedeki alisimama, akavua kofia. "Miaka yote nimeleta asali," alisema, akitazama mikono yake kama kawaida yake akisema mbele za watu. "Mchungaji akasema, mwenyewe, na awe mzima. Nikawaza, mimi sijawahi kulisha mtu. Wao ndio wamelisha. Nyumbani kwangu hawana nafasi tena, kwa sababu mnazozijua. Lakini leo mjukuu wangu yuko salama nyumbani na mama yake, nikasema basi, niwalete mara hii moja. Asiogope mtu. Nimeziba kwa udongo na majani ya mgomba, nimewabeba alfajiri kwenye baridi, hawana habari."

Priska aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine, na hayakuungana. Yaliungana mzee alipogeuka kuelekea kwenye khanga ya kijani.

Agatha alikuwa amesimama pale, ameegemea.

Uso wa Melkizedeki ulisawijika. Kofia ilimtoka mkononi. "Nani amemleta huyu?" aliuliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia. Akanyoosha mkono kuizuia bendi. Mkuu wa bendi, aliyekuwa akingoja ishara tangu mwanzo, aliuona ule mkono ukiinuka, akadhani ndiyo ishara yenyewe. Tarumbeta zote sita zikalia pamoja, na ngoma kubwa ikapigwa.

Kisura aliruka. Kamba ilikuwa imepita chini ya mzinga. Ikauvuta, ikauangusha kutoka kwenye mawe, na khanga ikateleza. Udongo uliozibia ukapasuka kwa mlio mdogo, mkavu. Kwa kitambo kifupi hakikutoka kitu. Kisha wakatoka, kahawia, wakimiminika kama mtama kutoka gunia lililotoboka, na hewa pale mbele ikaanza kupanda na kushuka.

Priska hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita katikati ya mabenchi. Kuku walikuwa hewani, mabenchi yalikuwa chini. Mpiga tarumbeta mmoja alikuwa akijipiga kofi usoni na kupiga kelele. Alimfikia mtoto, akamnyakua, akageuka, na kila upande aliogeukia ulikuwa na watu wanaokimbia na mikono inayopunga. Kanisa lilikuwa karibu, lakini mlangoni ng'ombe na watu walikuwa wamesongamana.

"Kaeni chini," Melkizedeki alikuwa akisema. Hakupaza sauti sana. Alikuwa amekaa mwenyewe kwenye nyasi, karibu kabisa na mzinga, na nyuki walikuwa kwenye mabega ya koti lake. "Kaeni, ndugu zangu. Asipunge mtu mkono. Hawa ni wageni, kundi lililohama, nimewakamata Alhamisi. Hawana watoto, hawana asali ya kupigania. Hawana ugomvi na mtu asiyewapiga. Nyamazisha hiyo tarumbeta."

Mchungaji Fredrick akakaa chini pale alipokuwa, na kanzu yake nyeupe. Mwinjilisti akakaa. Wakaanza kukaa mmoja mmoja, kama watu wanaozidiwa na usingizi, na tarumbeta ya mwisho ikakatika katikati ya sauti.

Priska hakukaa. Alikuwa anakimbia kuelekea barabarani, na Swalehe alikuwa anakuja mbio kumlaki, helmeti mkononi. "Mvike, mvike," alisema. Walimvika pamoja, wakigongana mikono. Helmeti ilikuwa kubwa, ikamfunika mtoto mpaka mabegani. Priska akashusha kioo kikafunga, akavua khanga kiunoni, akaizungusha shingoni mwa mtoto mara mbili, tatu, akakaza. Hakuna tundu lililobaki. Alipiga magoti mbele yake, na kwa pumzi moja nzima akajua amemwokoa.

Kisha akaona kitu kinatembea nyuma ya kioo.

Nyuki alikuwa ndani. Priska alikuwa amemfungia mtoto wake naye humo, kwa mikono yake mwenyewe.

Nyuki alipanda juu ya kioo, upande wa ndani, akateleza, akaanguka. Alitua kwenye shavu la Agatha. Priska aliinua mkono, na mkono wake wote ulitaka kitu kimoja, kupiga, kung'oa ile helmeti na kuitupa mbali na kuponda kila kilichomo. Swalehe aliushika kifundo.

"Usipige," alinong'ona. "Kichwa chake kimo humo."

"Baba," Priska akasema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba ilifika. "Baba, yuko ndani. Yuko naye ndani."

Melkizedeki alikuja kwa magoti, polepole, nyuki wakiwa bado kwenye koti lake. Alisimama umbali wa hatua tatu, asiwasogeze nyuki zaidi. "Usimvue," alisema. "Ukivuta, nywele zitamsugua, atachoma. Fungua kioo peke yake. Nyuki hakai gizani kwa hiari. Atafuata mwanga."

"Siwezi."

"Basi niache niwatoe hawa kwangu, nije."

"Hapana," Priska alisema. "Usisogee."

Alitazama. Macho ya Agatha yalikuwa wazi, makubwa, na yalikuwa yanafuata. Hakuwa akilia. Nyuki alitembea kutoka shavuni mpaka ubavuni mwa pua, akasimama, akapangusa uso wake kwa miguu ya mbele. Mtoto alikuwa hapepesi. Priska alimtazama kifua, kikapanda, kikashuka. Alitafuta filimbi katika pumzi. Haikuwepo bado. Bado, alifikiri, na neno hili nalo lilikuwa na meno.

Akaweka kidole gumba chini ya kioo. Kidole kilitetemeka, na kioo kikatetemeka nacho, na nyuki akainua mabawa. Akaacha. Akangoja mkono utulie. Haukutulia. Akasema, tafadhali, na hakujua anamwambia nani, Mungu, au mtoto, au yule mdogo mwenyewe aliyekaa juu ya pua ya mwanawe akiwa amepotea kama wao. Tafadhali. Alisema tena na tena mpaka neno likawa kama pumzi tu, na kwa pumzi hiyo akainua kioo upana wa unywele, upana wa jani, upana wa kidole.

Mwanga uliingia, ukapita kwenye kidevu cha Agatha. Nyuki akageuka.

Alichukua muda wake. Alishuka puani, akapita juu ya mdomo wa juu, pale pale palipovimba mwaka jana, na Agatha akabana midomo yake taratibu sana, akiizuia isitikisike. Priska alisikia nyuma yake mtu akiomba kwa kunong'ona kwa Kipare, na Swalehe kando yake akiomba kwa Kiarabu, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Nyuki alifika kwenye kidevu. Akapanda kwenye ukingo wa helmeti, katikati ya vidole viwili vya Priska, ambavyo hakuweza kuviondoa. Alihisi miguu ya nyuki juu ya ukucha. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mwaka mzima alimwogopa kiumbe mkubwa.

Nyuki akaruka.

Hakuna aliyesogea. Mbele, kwenye nyasi, nyuki wengine walikuwa wanarudi wenyewe juu ya khanga ya kijani, kundi likikua na kushikana, malkia wao akiwa kati yao mahali fulani. Melkizedeki alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye majani, mabega yakitikisika, na nyuki wa mwisho wakinyanyuka kutoka mgongoni mwake mmoja mmoja.

Priska alifungua khanga shingoni mwa mtoto. Alivua helmeti kama anayevua ganda la yai. Alitazama shavu, pua, kope, nyuma ya masikio, shingo yote kuizunguka; akagusa midomo kwa kidole. Midomo ilikuwa midomo. Akaweka sikio kifuani mwa mtoto na kusikiliza, na watu wote waliokaa chini walisikiliza naye, na Swalehe alikuwa ameshika ufunguo wa pikipiki mkononi akisubiri. Pumzi ikaenda. Ikarudi. Ikaenda tena, safi, bila filimbi, na ikarudi.

"Amekuchoma?" aliuliza. "Mwambie mama. Popote. Hata kidogo."

Agatha alitikisa kichwa. Alikuwa bado anatazama juu, upande ule nyuki alioelekea. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti, uwanja wote ukamsikia:

"Mama, miguu yake ilikuwa na unga wa njano."